Mke Mwenza Wangu Alikuwa Gongo la Kriketi

Dada, kama umewahi kupendwa na mwanamichezo, vuta kiti tuongee. Kama wako ni wa soka, pole kidogo, maana dakika 90 zikiisha anaoga anarudi. Wangu alikuwa wa kriketi. Mechi ya siku moja ina ova 50 kwa kila timu, kila ova ina mipira 6, yaani mipira 300 huku na mingine 300 kule, na katikati yake wanapumzika na kula kama watu walioalikwa harusini. Anatoka asubuhi na begi refu kuliko mimi, anarudi usiku suruali nyeupe ina doa jekundu kwenye paja, pale anapousugua mpira ili ung'ae. Doa hilo halitoki kwa sabuni wala kwa maombi. Na nani anafua? Usinichekeshe.

Na bado nilimpenda. Lakini hadithi hii ni yake na yangu kidogo tu. Zaidi ni ya mtu ambaye hanijui kabisa, ila aliishi nyumbani kwetu miaka mingi kwa njia ya picha iliyobandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala: Steve Tikolo, nahodha wa Kenya. Kila tulipogombana kuhusu pesa, kazi au harusi, lazima Tikolo atajwe. Mwanzoni mchumba wangu ndiye aliyemtaja kama shahidi wake. Baadaye nikaja kumwita kama shahidi wangu.

Jumatatu niliyodanganya kazini

Ilikuwa tarehe 24 Februari 2003. Nilimwambia msimamizi wangu jino linaniuma, nikavua viatu vya ofisini chini ya meza, nikavaa raba, nikashuka ngazi. Mchumba wangu alikuwa karani wa benki, na yeye sijui aliwadanganya nini kwao. Tulikutana Ngara tukatembea hadi Gymkhana.

Hebu kumbuka Nairobi ya siku zile. Uchaguzi wa Desemba 2002 ulikuwa umepita, serikali mpya, watu wanasalimiana hata kwenye matatu. Kombe la Dunia la kriketi lilikuwa Afrika Kusini, na mechi mbili za Kenya zilipangwa zichezwe nyumbani. Ya kwanza ilikuwa dhidi ya New Zealand, tarehe 21, lakini wale hawakuja. Walihofia usalama, maana Novemba 2002 hoteli ilikuwa imelipuliwa kule Kikambala, karibu na Mombasa. Kenya ikapewa pointi bila kurusha mpira hata mmoja. Mtaani wakasema sawa, tumepewa za bure, sasa Sri Lanka atatukumbusha sisi ni nani.

Mimi sikuelewa chochote. Mchumba wangu akatandaza gazeti mapajani, akachukua karanga zake akanichorea uwanja. Karanga mbili hizi ni wapigaji. Hii ni mrushaji. Hizi nyingine zinazunguka kuudaka mpira. Nyuma ya mpigaji kuna vijiti vitatu, hiyo ndiyo wiketi. Mpira ukigonga vijiti, umetoka. Ukiupiga ukadakwa kabla haujagusa chini, umetoka. Wapigaji wakibadilishana nafasi kwa kukimbia, huo ni mkimbio mmoja. Ukiupiga ukafika kwenye kamba za mpakani, mikimbio 4. Ukivuka hewani, 6. Timu ikitolewa wachezaji 10, zamu yake imekwisha. Nikamuuliza, ni hayo tu? Akasema ni hayo tu. Nikala mrushaji.

Kenya walipiga kwanza wakapata mikimbio 210, wamepoteza wiketi 9. Waliokaa nyuma yetu walisema haitoshi, na kusema kweli ni rahisi kuwaelewa. Sri Lanka walikuwa mabingwa wa dunia wa 1996, wana Sanath Jayasuriya, wana Aravinda de Silva. Halafu akapewa mpira kijana mwembamba wa miaka 21, Collins Obuya, anauzungusha kwa kifundo cha mkono unatua na kukata kona kama matatu ya Eastleigh. Ova 10, mikimbio 24, wiketi 5. Sri Lanka wote wakatoka na mikimbio 157. Tumeshinda kwa 53! Nilimkumbatia mtu nisiyemjua, na mchumba wangu akamkumbatia mzee wa Kihindi mwenye kofia ya jua, wakalia wote wawili.

Tikolo mwenyewe siku hiyo gongo lake halikusema mengi. Lakini mimi ndiye niliyemtazama, labda kwa sababu nilikuwa mgeni na sikujua pa kutazama kwingine. Mpira ukiwa kwa Obuya, nahodha anasogeza mtu hatua mbili kushoto, anapiga makofi kidogo, anarudi mahali pake anasubiri. Nikasema moyoni, huyu ni mwanaume anayejua kukaa kazini.

Tuliporudi nilimwona mchumba wangu amekuwa kimya mno. Wanawake tunaujua ukimya wa namna ile. Tulipofika stendi akasema, "Unajua mimi pia ni mrushaji wa kuzungusha." Nikasema najua. Akasema, "Nataka kuacha benki."

Mikimbio 147 na bado ukashindwa

Usiku ule nilisikia historia yote, nikitaka nisitake. Basi na wewe sikia.

Tikolo alizaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1971. Kriketi ya mji huu ilianzia kwenye klabu za Wazungu na za Wahindi, na vijana wa Kiafrika waliingia polepole. Familia nyingine waliingia kama ukoo: kina Odumbe, kina Suji, kina Obuya. Kwa kina Tikolo, kaka zake Tom na David nao waliichezea Kenya. Yeye klabu yake ilikuwa Swamibapa. Msimu wa 1995/96 alikwenda Afrika Kusini kuichezea Border, na hapo ndipo unaweza kusema alikuwa mtu wa kulipwa kwa kucheza.

Mwaka 1996 Kenya iliingia Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Tikolo alikuwa na miaka 24. Mechi ya kwanza, Cuttack, dhidi ya India ya Sachin Tendulkar, akapiga 65. Tarehe 29 Februari, siku inayokuja mara moja kwa miaka minne, Kenya ikakutana na West Indies mjini Pune. Kenya ilipata 166 tu, watu wakaanza kukunja viti. West Indies wakatolewa wote na mikimbio 93, Brian Lara mwenyewe akitoka na 8. Nahodha wa Kenya, Maurice Odumbe, ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa siku. Kisha Kandy, dhidi ya Sri Lanka waliopiga 398, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Kenya haikuwa na lake. Lakini Tikolo alipiga 96, mikimbio 4 tu kabla ya kutimiza mia moja. Mchumba wangu alilitaja hilo la mikimbio 4 kwa uchungu kama vile ni yeye aliyepungukiwa.

Halafu akanieleza lile ambalo mimi naliona ndilo lenyewe. Aprili 1997, Kuala Lumpur, fainali ya kombe la nchi zisizo na hadhi ya mechi za Test, Kenya na Bangladesh. Tikolo alipiga 147 peke yake. Mia moja na arobaini na saba kwenye fainali! Mvua ikanyesha, hesabu zikafanywa upya, Bangladesh wakaambiwa wapate 166 kwa ova 25. Walipata kwa mpira wa mwisho kabisa, zikiwa zimebaki wiketi mbili.

Siwezi kusema mpira ule mmoja ndio ulioamua kila kitu. Bangladesh ni nchi ya watu zaidi ya milioni 100, na kriketi kwao ni kama soka kwetu. Lakini mwaka 2000 Bangladesh walipewa hadhi ya Test, na Kenya, iliyokuwa ikiwapiga mara kwa mara miaka ile, haikupewa. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mchumba wangu hakutaka kukitazama: mcheza kriketi halipwi na kipaji, analipwa na ratiba. Nchi yenye hadhi inapangiwa mechi na wakubwa, mechi zinaleta televisheni, televisheni inaleta pesa, pesa inaleta mishahara na madaktari wa magoti. Isiyo na hadhi inasubiri Kombe la Dunia kila baada ya miaka minne. Unaweza kuwa mpigaji mzuri kuliko jirani yako wa Dhaka na bado yeye akajenga nyumba wewe ukapanga.

Nilimwambia hivyo. Akageukia ukuta.

Baa, vita na nusu fainali

Wakati huo kule Afrika Kusini, Kenya ilikuwa haitaki kurudi nyumbani. Ilikuwa imeshinda Canada na Sri Lanka, ikashinda Bangladesh mjini Johannesburg, ikaingia raundi ya timu sita. Huko ikashindwa na India, kisha ikaipiga Zimbabwe kwa wiketi 7. Nusu fainali! Ndiyo, zile pointi za New Zealand zilisaidia, na ndiyo, pointi zilizobebwa kutoka raundi ya kwanza zilisaidia. Lakini nani hajawahi kusaidiwa kidogo maishani? Hadi leo hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya Test iliyofika nusu fainali ya Kombe hilo la wanaume.

Mechi iliyonigusa zaidi ni ile waliyoshindwa na Australia tarehe 15 Machi, Durban. Brett Lee alitoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo hata kabla watu hawajakaa vizuri. Tikolo akasimama, akapiga 51, timu ikafika 174. Kisha akampa mpira Aasif Karim. Sikiliza habari ya huyu. Alikuwa na miaka 39, ameshastaafu, ana shughuli zake za bima, tena ujanani aliwahi kuichezea Kenya tenisi ya Davis Cup. Akaombwa arudi kwa ajili ya Kombe la Dunia. Alirusha ova 8 na mipira 2, akatoa mikimbio 7 tu na wiketi 3, Ricky Ponting akiwa mmoja wao. Australia walishinda, na wakalichukua Kombe lenyewe, lakini mchezaji bora wa siku alikuwa mtu wa bima kutoka Kenya.

"Unaona?" mchumba wangu akaniambia.

"Naona," nikamjibu. "Naona mtu mwenye kazi."

Nusu fainali ilikuwa tarehe 20 Machi, usiku, Durban tena, na India. Siku hiyo hiyo Marekani walikuwa wameanza kuipiga Iraki. Kwenye baa tuliyokaa, upande mmoja unataka habari za Baghdad, upande mwingine unataka kriketi, na mhudumu ameshika rimoti kama mwamuzi. Kila baada ya ova chache tulipelekwa vitani tukarudishwa Durban. Sourav Ganguly alipiga 111 bila kutolewa, Tendulkar 83, India wakafika 270. Kenya ikatoka na 179. Kati ya hizo, 56 zilikuwa za Tikolo, nyingi kuliko za mwenzake yeyote. Tulirudishwa kutoka Baghdad mara moja tukakuta naye ametoka. Baa nzima ikapiga makofi ya taratibu, kama kanisani.

Mama anauliza, mtakula wiketi?

Mei 2003 mchumba wangu aliacha benki. Hakuitwa timu ya taifa, wala hakuwa karibu na kuitwa. Klabu moja, ambayo sitaitaja, ilimwahidi posho ya kila mwezi, nauli na chakula cha siku ya mechi. Aliona Obuya amepata mkataba na Warwickshire kule Uingereza, akapiga hesabu zake za kijana. Tulikuwa tumeanza kuishi pamoja Pangani, chumba kimoja na jiko, shilingi 7,500 kwa mwezi.

Mama yangu alinipigia simu. Alivuta pumzi kwanza, akasema, "Mwanangu, mtu mzima aache benki akacheze? Kwani jioni mtakula wiketi?"

Nilimtetea. Ndivyo tulivyo, mbele ya mama unamtetea, mkibaki wawili unamsulubu. Posho ya klabu ilikuja mwezi wa kwanza, ikaja nusu mwezi wa pili, kisha ikawa ya "wiki ijayo". Mimi nikalipa kodi. Mwezi, miezi mitatu, miezi saba. Sikusema kitu, na hapo ndipo nilipokosea, maana deni lisilosemwa halitulii. Linaanza kuonekana kwenye chumvi ya mboga, kwenye namna unavyofunga mlango, kwenye usingizi. Nilianza kufua ile suruali nyeupe kwa hasira. Mara nikaacha kuifua.

Kilele kilikuwa siku ya wazee wake kuja kwetu kujitambulisha. Jumapili ya pili ya Februari 2004. Tarehe ilipangwa na wazee wa pande zote mbili, mbuzi ameshanunuliwa, na jamaa akagundua ana mechi ya ligi. Akaniuliza kama wazee wanaweza kusogeza tarehe. Wazee! Baba yangu akajibu kwa upole unaotisha, "Mwambie achague. Gongo au binti yangu." Alicheza nusu ya mechi, akapanda bodaboda ya baiskeli kutoka barabarani hadi nyumbani kwetu, akafika saa kumi na moja jioni na nguo zake nyeupe zenye doa jekundu. Mjomba wangu alimwangalia kuanzia juu hadi chini, akanong'ona kwa sauti ambayo mkutano mzima uliisikia: "Huyu ni mpishi wao?"

Nilicheka hadi machozi. Halafu yakawa machozi ya kweli, nikatoka nje. Alinifuata hadi kwenye tangi la maji. Akaniambia, "Nisamehe, mama." Nikamwambia sitaki msamaha, nataka kujua lini. Lini utaniambia imetosha? Kama ni miaka miwili, niambie ni miaka miwili nijipange. Kama ni maisha yote, niambie pia. Kitu kinachoniua ni kungoja bila tarehe. Alisimama pale na chupa yake ya maji. Akasema, "Mwisho wa mwaka." Ilikuwa mara ya kwanza kunipa tarehe.

Mwaka ambao wakubwa nao waliteseka

Sasa, usidhani ni klabu ndogo tu zilizokuwa na shida. Mwaka 2004 uliiangukia kriketi ya Kenya kama paa. Wachezaji wa timu ya taifa, wale wale wa nusu fainali, waligoma kwa sababu ya mikataba na malipo. Agosti mwaka huo Odumbe, nahodha yule wa Pune, alifungiwa miaka 5 kwa uhusiano wake na mtu wa kamari. Chama kilichokuwa kikiendesha mchezo kikavurugika, mwaka 2005 kikaundwa kingine. Na wakubwa wa dunia, wale waliosema maneno matamu mwaka 2003, hawakupanga safari za kuja. Timu iliyofika nusu fainali ikakaa ikingoja mechi.

Sasa ndipo zamu yangu ya kumtaja Tikolo ilipofika. Nilisimama mbele ya ile picha nyuma ya mlango, nikamwambia mume wangu mtarajiwa: mtazame mtu wako. Nahodha wa nusu fainali, ana miaka 33, yuko kwenye kilele cha umri wa mpigaji, na hana mechi. Kama yeye analia malipo, wewe unayerushia mpira kwenye ligi ya pili unangoja nini?

Alinijibu kitu ambacho sikukitarajia. Akasema, "Lakini yeye hajaacha."

Na kweli hakuacha. Hilo nimelifikiria sana tangu hapo. Februari 2007 aliiongoza Kenya kushinda mashindano ya daraja la kwanza la nchi hizo ndogo, hapa hapa Nairobi, kisha akaiongoza kwenye Kombe la Dunia la West Indies. Alipoachia unahodha aliendelea kucheza chini ya wadogo zake. Mechi za siku moja za kimataifa zaidi ya 130, mikimbio zaidi ya 3,000, hakuna Mkenya aliyemfikia. Makombe matano ya Dunia: 1996, 1999, 2003, 2007, 2011. Kila Kombe anaanza upya na timu yenye mazoezi machache kuliko wapinzani.

Nilizoea kuona hilo kama ukaidi wa wanaume. Sasa naona kuna tofauti, na wapenzi wengi huichanganya. Tikolo alikaa kwa sababu alikuwa bora kuliko wote nchini na kila mtu alijua. Mume wangu alikuwa mzuri, si bora. Mpenzi wako akikuambia anafuata kipaji, usimuulize kama anapenda. Wote wanapenda. Muulize nani mwingine, asiye mama yake wala wewe, amemwambia anaweza. Muulize mkataba uko wapi, unasema nini goti likivunjika, na malipo yakichelewa ni nani atalipa kodi. Kama jibu ni wewe, basi wewe si shabiki, ni mfadhili, na mfadhili ana haki ya kuketi kwenye kikao. Mwulize mapema, kabla hujaanza kufunga milango kwa nguvu.

Mfano wa goti sikuutoa hewani. Obuya yule yule wa wiketi 5 alipotoka Uingereza goti lilimsumbua, na mpira wake haukurudi kukata kona vile. Wengi wangeishia hapo. Yeye alijifunza upya, akajigeuza mpigaji, na mwaka 2011 mjini Bangalore aliwapiga Australia 98 bila kutolewa. Mikimbio 2 kufikia mia! Mume wangu alipigapiga meza hadi mtoto akaamka.

Tarehe 20 Machi

Alitimiza ahadi yake. Desemba 2004 aliweka begi juu ya kabati. Benki haikumchukua tena, na mimi sikushangaa. Januari akaanza kuuza bima kwa kamisheni, mlango kwa mlango, na usiniulize wazo la bima lilitoka wapi. Uzuri wa kamisheni ni kwamba Jumapili ni yako. Akarudi kucheza Jumapili, bila posho, bila ahadi, na ajabu ni kwamba alianza kuleta wiketi nyingi kuliko wakati ule wa shida. Tulifunga ndoa Agosti 2005. Mjomba alimpa zawadi ya aproni.

Tikolo alicheza mechi yake ya mwisho ya Kombe la Dunia tarehe 20 Machi 2011, Kolkata, dhidi ya Zimbabwe. Ilikuwa miaka minane kamili tangu usiku ule wa baa na vita. Alikuwa na miaka 39, umri wa Karim wa Durban. Kenya ilipigwa kwa mikimbio 161, haikushinda hata mechi moja mashindano yale. Mwaka 2014 ikapoteza hata hadhi ya mechi za siku moja. Yeye akawa kocha. Amezifundisha timu za taifa za Uganda na Tanzania, kwa hiyo kama uko Dar es Salaam na umemwona kijana anasimama vizuri na gongo lake, huenda ni mkono wa yule wa nyuma ya mlango wangu.

Tulipohama Pangani picha ile ilichanika katikati, ikatupwa. Begi halikutupwa. Mwaka jana binti yetu, ambaye ana mkono wa baba yake, alitaka glavu, nikalishusha na kulifungua mwenyewe. Chini kabisa, ndani ya glavu ya kushoto, nilikuta bahasha ya kaki ya benki. Ndani yake kulikuwa na risiti za kodi ya Pangani, zote zina jina langu, kuanzia Juni 2003 hadi Desemba 2004. Kumi na tisa. Alikuwa akizichukua kutoka kwenye mkoba wangu mwezi baada ya mwezi, na nyuma ya ya mwisho ameandika jumla kwa kalamu ya risasi: 142,500.

Nilimwekea mezani na chai. Alizitazama kwa muda mrefu, akasema alikuwa anapanga kunilipa siku akipata mkataba.

Nikamwambia mkataba nimeshampa mimi, alipe. Amelipa elfu tatu mpaka sasa.